Kanda ya video ilivyotufundisha kuimba kwa kutetemeka, tukaikosa Nakuru

Ejok wakuu, salamu za kwetu Turkana. Hii ni ya kweli tupu, na aliyeaibika zaidi ni mimi, kwa hivyo sina haja ya kuongeza chumvi.

Miaka ya tisini nilikuwa Form Three Lodwar, nasoma music, soloist wa kwaya. Mashindano yalikuwa Kakuma, mshindi anaenda Nakuru. Mimi sikuwa nimewahi kupita Lokori, hapo hapo Turkana. Nilikuwa naiota Nakuru hata darasani.

Mwalimu Ekal alitupa wimbo wa edonga, ule wa kuruka ukimsifu ng'ombe wako. Tukauona ushamba.

Sababu ni binamu yangu. Alituletea kanda ya show ya muziki aliyorekodi kwa TV huko Nairobi. Ilikuja siku mbili ikiwa kwa dashboard ya lori, na jua la kwetu mnalijua.

Tuliitazama parokiani kila Jumamosi. Wasanii wanakwama mguu juu, wanatetemeka, halafu wanaruka mbele. Sauti inazama, inarudi. Tukasema kumbe huu ndio muziki wa kisasa.

Tukaiacha edonga, huo wa TV tukaufanyia mazoezi mwezi mzima. Mwalimu hakuwa ameona hiyo kanda. Nikamwambia ni technique. Akaniamini, maskini.

Kakuma, vijana wa Sudan kutoka shule ya kambi ya wakimbizi waliimba wimbo wa kwao, wakipiga jerikani kwa malapa. Ukumbi mzima ukasimama.

Tukaingia sisi. Nikakwama mguu juu, nikatetemeka, nikazamisha sauti.

Jaji mmoja, mama wa makamo, akaweka kalamu chini. "Mwalimu, huyu kijana ako na malaria?"

"Hapana madam," nikadakia mimi. "Hiyo ni staili ya TV."

"Basi hiyo TV ndio iko na malaria."

Tukawa wa mwisho. Nililia kwa lori mpaka Lodwar.

Miaka baadaye, Nairobi, nikaiona show ileile kwa TV yenyewe, si kwa kanda. Watu wanacheza laini kabisa. Hakuna anayekwama. Kumbe kanda yetu ilikuwa imeungua jua.

Nilicheka hadi mbavu zikauma, kisha nikaona aibu. Edonga niliijua tangu utotoni, nikaiacha nikafuata ubovu wa kanda.

Funzo: kabla hujaiga ya kwa TV, hakikisha kanda yenyewe ni nzima.

Mwalimu Ekal alistaafu juzi. Kwa sherehe yake alisimama akawaambia watu kwamba majaji wa Kakuma walituonea, hawakuelewa technique. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga.

Wakuu, nimwambie ukweli ama nimwache mzee wa watu?