Jibu Lilikuwa Kiburu

Harufu ya kiburu hainitoki puani. Ndizi na maharage vikichemka pamoja kwa magadi, moshi wa matawi ya mibuni ukijaa jikoni, na baridi ya Rombo ikishuka migombani kabla jua halijazama: nikinusa harufu hiyo hata kidogo, narudi kuwa mtoto wa miaka minane. Nayasema haya mimi niliyeusomea upishi. Nina stashahada ya upishi wa hoteli, nilijisomesha mwenyewe, nikaenda Muscat, nikasimamia jiko lenye wapishi kumi na wanne, nikarudi nikajenga nyumba yangu Rau bila kushikwa mkono na mtu. Vyakula vya mataifa nimevipika, na wageni wakubwa wamenisifu. Lakini kiburu, nakiri, kinanichanganya mpaka leo.

Kihamba chetu, shamba la ukoo lenye nyumba yetu, kilipakana na cha jirani yetu Mama Aika kwa ua wa masale, yale majani marefu tunayopanda mipakani. Kila jioni, mama akishainjika sufuria, sauti ilipenya kwenye ua huo: "Mama Ndeshi! Leo mnapika nini?" Mama, akipuliza moto, alijibu, "Kiburu!" Naye Mama Aika alisema, "Hata sisi!" Wakacheka kana kwamba ni jambo jipya. Siku nyingine Mama Aika alisema, "Sisi bado tunafikiria," na hapo mama alinituma mbio na bakuli lililofunikwa, eti wakaonje kama chumvi imekolea. Kilichonichanganya ni kwamba mara nyingine hakikuwa kiburu hata kidogo. Baba akirudi na nyama kutoka sokoni Tarakea, mama alipika mtori mzito, ndizi zimepondwa na nyama imelainika, lakini jibu lilibaki lile lile. Sisi tuliokuwa tukiungama kanisani hata dhambi ya kuiba sukari, mama yangu alidanganya kila jioni kwa sauti iliyofika barabarani! Nilipomuuliza sababu, alisema, "Menya ndizi wewe."

Masika yale Baba Aika alikuwa amelazwa hospitalini kwa wiki nyingi. Zizi lao lilikuwa tupu, na Aika, rafiki yangu wa darasani, alisinzia kwenye dawati. Niliyaona yote hayo bila kuyaunganisha. Jioni moja mama alikuwa ameenda kukata majani ya ng'ombe, akaniacha niangalie mtori. Swali likaja uani kama kawaida. Nikasogea kwenye masale, kifua mbele, nikapaza sauti: "Sisi leo ni nyama! Kilo mbili! Nyie je?" Nikasubiri "Hata sisi." Haikuja.

Mama alinikuta bado nimesimama pale. Nilipomweleza, aliutua mzigo wa majani polepole, wala hakunipiga, jambo lililonitisha zaidi. Kesho yake hakukuwa na sauti. Siku iliyofuata mama aliita mwenyewe, mara mbili, na ng'ambo ya ua kimya. "Sasa nitajuaje kama wamekula?" alisema. Nikamwambia apeleke tu bakuli. "Nipeleke bila kuulizwa? Si nitakuwa nimemwita ombaomba?" Kichwa changu kikazidi kuvurugika. Chakula tulikuwa nacho, njaa ilikuwa hatua ishirini kutoka kwetu, na kati yake palikuwa na neno langu moja tu.

Siku ya tatu mama alichuma jani la sale, akalifunga fundo, akaniwekea mkononi. Kwetu anayeletewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe. "Nikaombe msamaha wa nini?" nilibisha. "Mimi si nilisema kweli?" Akasema, "Ndiyo hiyo hiyo kweli uliyosema. Nenda." Nikaenda. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Mama Aika alilipokea jani, akalichomeka juu ya mlango. "Haya, Kilo Mbili," alisema, "rudi kwenu kabla mvua haijakunyeshea."

Jioni ile sauti ikarudi. Kwenye mafiga palikuwa na mtori, nami niliuona kwa macho yangu. Mama akanisukuma begani: "Jibu." Nikajibu, "Kiburu tu, mama!" Nikasikia kicheko ng'ambo ya ua. "Sisi bado tunafikiria!" Mama alipakua bakuli kubwa kuliko yote, nyama chini, ndizi juu. Asubuhi Aika alilirudisha limeoshwa, ndani yake maparachichi mawili. "Mama anasema kiburu chenu ni kitamu sana," alisema, "ila kina mifupa."

Siku hizi hakuna anayeita uani. Wanawake wa kwetu tuna kundi kwenye simu, na kila jioni tunaonyeshana tunachopika. Picha zangu, niseme ukweli, hakuna anayezifikia: nyama imepangwa, mchuzi umemwagwa kwa ustadi, hata sahani nimeichagua. Wenzangu hunisifu. Aika, ambaye sasa ni mwalimu Bomang'ombe, hatumi picha. Kila siku huandika neno moja tu: kiburu. Nilidhani ananitania. Kisha nikadhani hana nafasi ya kupika. Ng'ambo ya masale nilikuwa nikiona moshi au kuukosa. Kwenye simu sioni kitu.

Wiki hii alinyamaza siku mbili. Leo mchana nimeshindwa kuvumilia, nikamwandikia: "Aika, leo mnapika nini?" Jibu limechelewa, kisha likaja. "Bado nafikiria."

Huenda kweli anafikiria tu. Mtu mzima, ana mshahara, nami nitaonekana kichaa kufika kwake bila taarifa. Sijui, stashahada yangu hainisaidii hapa. Nimepakua kwenye hotpoti, nyama chini, ndizi juu, na sikupiga picha. Nimeifunga kwa kanga, nipo kwenye basi la kwenda Bomang'ombe, inanipasha moto mapajani. Akiniuliza mlangoni nimebeba nini, jibu ninalo.