Boksi la Programu Halali

Harufu ya vumbi linalopata moto ndani ya kompyuta bado hunikausha koo. Leo imenijia ofisini, na papo hapo nikajiona nimekaa sakafuni kwenye studio ya picha ya mama, Lodwar.

Kule mchanga huingia kila mahali. Asubuhi ile fundi alikuwa ametoa bodi kuu ya kompyuta ya mama, iliyoharibiwa na mchanga, akaweka nyingine. Mama alipowasha kompyuta, programu yake ya picha ikakataa kufunguka. Ati kompyuta hii haijulikani, leseni imeshatumika kwingine.

"Kwingine wapi? Kompyuta si ni hii hii!" mama akaifokea skrini.

Mlangoni alisimama mwanamume aliyetoka Lokiriama, kofia mkononi. "Ejok, mama," akasalimia kwa Kiturkana. "Nimekuja kuchukua ile picha ya mama yangu. Kesho tunazika."

Marehemu hakuwahi kupigwa picha nyingine, na ile ilifunguka kwa programu hiyo tu. Mama akapigia simu kampuni ya programu. Ukaja muziki, kisha sauti ya Kiingereza ikimwambia asubiri, kisha muziki tena. Jasho lilimdondoka kidevuni. Mgeni alikataa kiti.

Mwishowe mama akakata simu, akatia picha kwenye flashi, tukaenda na mgeni kwa jirani. Alikuwa na programu hiyohiyo, iliyonakiliwa bila leseni, na mama alizoea kumwita mwizi. Ikafunguka mara moja. Bibi kizee akatutazama kutoka kwenye skrini, shanga zimempanda hadi kidevuni.

Jirani akaichapisha picha; mgeni akaipokea kwa mikono miwili, akamshukuru jirani. Mama alisimama kando, boksi la programu yake halali kwapani.