Mjumbe na Jembe la Kaburi

Mjumbe wetu wa Baraza la Kutunga Sheria alikuwa na suti moja ya kijivu, aliyoshonewa na Mhindi wa Singida mjini, na akiivaa alitembea kama mtu aliyeficha mayai mfukoni. Tulimchagua wenyewe. Yaani walimchagua wenye kipato na wenye madarasa, maana enzi hizo za mkoloni kura ilikuwa yao tu. Mimi na darasa langu la nne nilikuwa wa kupiga makofi.

Aliondoka Kinampanda ameapa kwamba sheria ya pombe haitapita yeye akiwa barazani. Sheria yenyewe ilitaka wanawake waache kuuza pombe nyumbani, wakauzie kwenye kilabu cha serikali, tena kwa leseni. Mama yangu alikuwa mjane, mguu mmoja mbovu, hana hata mbuzi. Alikuwa na chungu. Pombe ya mtama ya chungu hicho ndiyo iliyonisomesha, na mdogo wangu alikuwa bado shuleni. Wanywaji walikuwa majirani. Kilabu kilikuwa Kiomboi, mwendo mrefu kwa mguu kama ule.

Chama cha pili huko barazani kilikuwa cha mabwana wenye mashamba makubwa na vibaraka wao. Kwenye mikutano mjumbe alituambia hao ni nyoka. Akaenda Dar es Salaam, akakaa na nyoka, akanywa nao chai. Chama chetu kilitaka viti zaidi, chao kilitaka sheria ya pombe, basi wakapeana. Mikono ikanyooka pande zote mbili, na wa mjumbe wetu ukiwemo. Viti kikapata chama chetu, sheria akapata mama.

Alirudi na neno jipya, maafikiano. Alilitamka taratibu, kama mtu anayemung'unya pipi.

Tungemfanya nini? Mkubwa unampa shikamoo yake, unanyamaza. Ila baba yake akafariki. Ukoo wetu na wao ni watani, na msibani mtani hana wa kumnyamazisha. Anaweza kuzuia maziko mpaka aridhike, na mfiwa akikasirika, aibu ni yake.

Basi kaburi lilipofika kiunoni nikaingia, nikawanyang'anya wachimbaji majembe yote mawili, nikayakalia. Watu wakacheka, wakadhani nataka kuku wa kunikomboa majembe, kama desturi ya watani. Nikasema kuku sitaki, nataka mjumbe aniambie kwa nini alinyoosha mkono.

Akatoa lile tabasamu la mikutanoni. Akasema mambo ya baraza ni marefu, tuzike kwanza. Mimi nikakaa. Jua likazidi kuwaka, wazee wakaanza kukohoa, na yeye akaanza kulegeza tai. Mwisho akachuchumaa ukingoni.

"Mtani, tuafikiane. Nipe jembe moja, jingine baki nalo."

"Sawa, mheshimiwa," nikamwambia. "Tutamzika nusu. Miguu leo, kichwa kikao kijacho."

Hata mchungaji aligeukia pembeni, mabega yanamcheza. Mjumbe hakucheka. Alitazama jeneza, akatazama watu, akasema polepole, "Chama kiliniagiza. Ningekataa, wasingenisimamisha tena."

Kumbe ni hilo tu. Tulidhani ametuuza kwa viti vya nchi nzima, kumbe ni kwa kiti alichokalia yeye. Watu waliacha kucheka. Mwanamke mmoja akatema mate chini, na yeye alikuwa wa ukoo wa mjumbe mwenyewe.

Nilikuwa na mengine mengi ya kumwambia, lakini mama akajikokota mpaka ukingoni.

"Mpe jembe," akasema. "Marehemu hakupiga kura."

Nikatoa. Moja nikampa mchimbaji, la pili nikamtia mjumbe mkononi. Macho yote yalikuwa kwake, ikabidi avue koti, ashuke. Alichimba vibaya. Alidonoa udongo kama anakoroga sukari, na wachimbaji wakamwangalia mpaka wakachoka, wakamtoa, wakamaliza wenyewe. Alitoka na udongo magotini akiwashukuru kwa ushirikiano.

Wiki iliyofuata mama alibebewa chungu chake mpaka Kiomboi. Kilabuni alipewa kona ya jua, ukutani kwa choo, na wateja wake hawakumfuata huko. Mdogo wangu aliacha shule kabla ya mavuno. Sijui ni chama gani kilichompa mama kona ile. Nadhani waliafikiana.