Mgeni Asimame Atusalimie

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka Shume hadi Soni, kwangu ni safari ya kuaga majirani. Ndiyo maana nilimstaajabia mpangaji wa chumba changu cha uani, mtu aliyevuka mpaka wa nchi kwa miguu. Kwao alikuwa mwandishi wa gazeti. Aliandika habari wakubwa wasiyoipenda, akakimbia. Aliniomba jambo moja tu: nisimwambie mtu. Nikaapa. Mke wangu nilimwambia, lakini mume na mke ni mwili mmoja, kwa hiyo sikumhesabu.

Jumapili moja nikamshawishi twende kanisani. Kwetu, baada ya matangazo, wageni husimama wakajitambulisha. Yeye akainamia Biblia.

"Na huyo wako, baba, hana ulimi?" mzee wa kanisa akaniuliza. Watu wakacheka.

Aibu ikanishika: mgeni wangu aonekane hana adabu! Nikasimama mimi. Nikataja jina lake, nchi yake, na wasije wakamdharau, nikaongeza kwamba serikali ya kwao inamsaka, tumwombee. Waliomba mpaka machozi. Wanakwaya walikuwa wanarekodi kwa simu. Jioni ibada yote ilikuwa mtandaoni, nami katikati, nimependeza.

"Umenimaliza, baba," akaniambia.

"Acha woga. Nani huko kwenu anasikiliza kwaya ya Shume?"

Siku ya tisa jirani yangu, mama wa kwaya, akaingia uani na wanaume wawili. Sisi mgeni hatumwelekezi kwa kidole, tunamfikisha mlangoni. "Nimekuletea wageni!" akatangaza kwa furaha.

"Shikamoo mzee. Tunamtafuta ndugu yetu. Mama yake amefariki."

Mpangaji wangu alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mabanzi, akimenya viazi. Nikasikia kisu kimenyamaza.

"Marahaba. Poleni. Alishahama, hakuniambia anakokwenda."

Jirani akafungua mdomo. Nikamwambia kwa Kishambaa aufunge, akaufunga, jambo ambalo halijapata kutokea.

Walipoondoka, mpangaji wangu akafunga begi lake. Lori la kabichi lilikuwa linapakia barabarani. Kupiga simu kwao hawezi. Akipiga, wanaomsaka watajua alipo.

"Baba, wewe uliwaona usoni. Walikuwa kama watu waliofiwa?"

"Hata kidogo," nikasema. "Waongo wale."

Akanishika mkono, akashukuru, akapanda. Kusema kweli, sikuwatazama usoni. Kwa woga, muda wote nilikuwa natazama chini.