Muhuri wa Prewitt

Shemeji yangu Orville Prewitt ana bastola moja tu, na ole wako uiite kuukuu mbele yake. Ni ile ya jeshi, muundo wa 1911, aliyorudi nayo baba yake kutoka vitani. Mimi Weldon nimezaliwa hapa San Saba, Texas, nina miaka sabini na mbili, bastola nimeziona za kila namna. Hizi za plastiki za siku hizi naziita mashine za kukaushia nywele. Lakini ile! Nyembamba, nzito mahali panapotakiwa uzito, rangi imefifia pembeni kwa kusuguana na ngozi. Ukiishika, mkono wenyewe unanyamaza.

Orville huibeba nyundo, kile chuma cha nyuma kinachofyatua risasi, ikiwa imevutwa nyuma na kitufe cha usalama kikiwa juu, kimeifunga isifyatuke. Ndivyo ilivyoundwa kubebwa, basi. Ukimwambia wewe huilaza nyundo, atakutazama toka kofia mpaka buti na kukujibu, "Si ubebe rungu tu, ndugu yangu?"

Miaka arobaini alishona ala za bastola, ile mifuko ya ngozi ya kiunoni, mpaka vidole vikakakamaa. Binti yake Nelda, mpwa wangu, akaacha kupika kwenye jiko la shule akakalia kiti cha baba yake. Kiti alipewa. Muhuri wa chuma unaogongwa kwenye ngozi, PREWITT SAN SABA, hakupewa. Miaka mitatu ala zake zikatoka dukani bila muhuri, na wateja wakimuuliza, "Sasa hii ni Prewitt au siyo?"

"Ni yangu," anajibu, huku ameuma meno. Ilimchoma. Mimi mwenyewe ilinichoma.

Mwaka huu ala ya Orville ikafumuka mshono. Unajua alifanya nini huyo mzee? Akaagiza nyingine kwa fundi wa mjini! Nilimkuta Nelda akikata pai ya njugu za pekani, nikashindwa kujizuia.

"Baba yako amekutukana."

"Mjomba, kula pai yako."

Chama chetu cha wapenzi wa bastola hizo hukutana kila Novemba, uwanja wa shabaha. Tuna desturi yetu: mwenye ala mpya huweka ndani bastola isiyo na risasi, anaipindua juu chini juu ya sakafu ya saruji, na kuitikisa mara tatu mbele ya watu. Hakuna godoro wala blanketi chini.

Orville akaja na ala ya mjini, imechorwa maua kama keki ya harusi. Akatuonyesha bastola haina kitu, akavuta nyundo nyuma, akapandisha usalama, akaiingiza. Kabla hajaipindua akaichomoa kwanza kuikagua. Lahaula! Usalama ulikuwa umeshuka. Ngozi imeubonyeza, na bastola ingeweza kufyatuka.

"Orville," nikasema, "si ubebe rungu tu?"

Nilicheka peke yangu. Mzee alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na watu wote wakatazama viatu vyao.

Nelda akainuka kwenye meza ya nyama choma, akafuta mikono, akaenda kwenye gari lake. Akarudi na ala ya kahawia, haina ua hata moja.

"Jaribu hii, Baba."

"Ngozi umeifinyanga juu ya bastola gani? Yangu haijatoka kiunoni mwangu."

Nelda akatoa mfukoni bastola ya mti wa meskiti, aliyoichonga kwa mkono, nyundo nyuma, usalama juu, hata pengo lililo kwenye mpini wa ile ya kweli lipo.

"Kila Jumapili unaivaa mbele yangu kabla ya kanisa, toka nikiwa na miaka sita. Macho ninayo, Baba."

Mzee akaigeuza ile ya mti kwa muda mrefu. Halafu akapandisha tena usalama wa ile ya kweli, akaiingiza kwenye ala. Ikaingia kwa mlio mdogo, tk. Nelda alikuwa ameacha kibonde kidogo kwenye ngozi ili kitufe kikae bila kuguswa.

Akaipindua. Chuma cha baba yake, juu ya saruji, na vidole vile vilivyokakamaa! Moja. Mbili. Tatu. Nikapumua. Mbishi yule akatikisa ya nne, kwa nguvu kuliko zote.

Haikuanguka. Akaichomoa, na usalama ulikuwa juu, palepale alipouacha. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka, na sioni aibu kusema nililia.

Orville hakumtazama binti yake. Alikuwa anaivaa ile ala mkandani, taratibu.

"Muhuri uko kwenye droo ya chini," akasema. "Ugonge jina lako."

"Jina letu ni moja, Baba."

"Basi gonga kwa nguvu."