Kadi Mbili za Kunisafirisha Nikifa

Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, nauza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa Kianda, Kibera. Msimamizi wa ukurasa huu, naomba ufiche jina langu.

Nilizaliwa upande wa Magharibi, nikaolewa kwa watu wa ziwani, ndiyo maana nina kadi mbili za vyama vya mazishi. Moja ni ya watu wa kwa mume wangu, imeandikwa jina lake lakini mchango nalipa mimi. Nyingine ni ya watu wa kwetu. Mtu akifa Nairobi, chama hukodi basi na kumfikisha nyumbani pamoja na familia yake. Basi juzi jirani wa Kambi Muru, hapa hapa Kibera, alifariki akiwa na kadi mbili, mabasi mawili yakamjia, waombolezaji wakavutania jeneza mchana kweupe. Vyama vikaona aibu, vikaamua kila nyumba ibaki na kadi moja.

Mimi sikuona ugumu, mke huzikwa kwa mume. Nikaenda kumwambia mwenyekiti wa chama cha kwa mume wangu kwamba nabaki kwao.

"Mama, kwani mzee hajakuambia? Kadi inabeba bibi mmoja na watoto. Ameandikisha yule wa Kawangware."

Hivyo ndivyo nilivyojua kuna wa Kawangware. Sikulia. Nilimshukuru, nikarudi kupima omena.

Mume wangu hakukana. "Yule bado ni mdogo, hana mtu. Wewe watu wanakujua, hutakosa wa kukuchangia. Watoto wako wote wako ndani ya kadi, si ni sawa?"

Nikamwendea kaka yangu, ndiye mweka hazina wa chama chetu.

"Dada, basi la kukufikisha nyumbani utapata. Lakini mila unaijua, msichana aliyeolewa hazikwi ndani ya boma. Tutakutafutia mahali nje ya ua. Na watoto hatuwezi, hao ni wa kule."

Kwa hiyo kadi moja inabeba watoto wangu, baba yao na mke mwenzangu. Nyingine inanibeba mimi peke yangu, hadi nje ya ua. Nangoja uchungu uje, hauji. Nakula, nalala, nauza.

Jana mume wangu aliuliza kama nimelipa mchango wa kadi yake wa mwezi huu. Nikasema bado.

"Usichelewe bana. Nikianguka leo nitaachwa huku mochari?"

Nikamwekea chai. Jumapili natakiwa kurudisha kadi moja. Ndugu wasomaji, mngekuwa mimi mngerudisha ipi?