Kanzu za Sefu

Fundi Shabani Munyakazi alikuwa na kanuni moja, na mtaa mzima wa Biryogo uliijua: hakati kitambaa kabla hajampima mtu. Mkubwa fulani wa Kimihurura aliwahi kumtuma dereva na gauni la mkewe liwe kipimo. Munyakazi alilirudisha. "Jicho la fundi ni mwongo," alisema, "na nguo ya jana ni shahidi wa kununuliwa. Mlete mama mwenyewe."

Ndiyo maana watu walipomwona akikata kanzu ya mtu asiyekuwepo, waliinamisha macho wakapita.

Mtu huyo alikuwa mwanawe, Sefu. Mwanzoni mwa mwaka 1972, akiwa na miaka kumi na minne, alipanda lori la kwenda Bujumbura kama utingo, akiahidi kurudi kwa Idi. Kabla hajarudi, Burundi iliingia damu, na habari za lori, dereva na utingo zikakatika pamoja. Maiti haikuonekana, kaburi halikuchimbwa. Mama yake aliomba mtoto asomewe hitma, mumewe akakataa. Aliomba mpaka naye akafa, na hitma iliyosomwa ikawa yake mwenyewe.

Aliyempa Munyakazi sababu ya kukataa ni Bizimana, muuza vitenge aliyekuwa akivuka mpaka mara kwa mara kwenda Bukavu. Huko alipata vijitabu vya Kifaransa vya nguvu za mawazo, vile vilivyokuwa vikiagizwa kwa posta kutoka Ulaya na kufika hata miji isiyokuwa na daktari.

"Mawazo ni sumaku, fundi," Bizimana alimwambia, akionyesha ile sumaku ambayo Munyakazi alikuwa akiokotea pini sakafuni. "Kitake kitu kwa moyo mmoja, ishi kama mtu aliyekwisha kukipata, kitakufuata. Ila usitie shaka. Ukitia shaka umekifukuza."

"Na bei yake?"

"Bei gani, mzee? Ni bure! Ndiyo uzuri wake."

Basi kila Idi Munyakazi alishona kanzu, ndefu kuliko ya mwaka uliopita, akaitundika mlangoni. Idi ikipita, aliikunja sandukuni na zile nyingine. Nyumbani ilikatazwa kusema "marehemu". Ilikatazwa hata kusema "zamani Sefu alikuwa". Posa ya binti yake Mukantwari ilipofika kutoka kwa seremala wa Gatsata, Munyakazi aliwakaribisha wazee chai na kuwajibu kwa upole kwamba dada haolewi kaka yake akiwa safarini. Wasubiri kidogo. Seremala alisubiri mvua mbili, kisha akaoa kwingine.

Mukantwari hakulia mbele ya baba yake. Macho ya mzee yalikuwa yakififia, na cherehani sasa ilikuwa mikononi mwa binti. Mkate wa nyumba ile ulipita chini ya sindano yake. Jioni moja, akifagia, aliinua sumaku akamwekea mzee mezani.

"Tazama inachookota, Baba. Pini, sawa. Na msumari wenye kutu. Na ncha ya sindano iliyovunjika. Haichagui."

"Unamfukuza kaka yako."

"Mimi? Mimi ndiye niliyebaki!"

Mwaka 1983, wiki ya Idi, mwanamume mrefu alisimama mlangoni akiwa na suruali iliyopasuka gotini. Aliitazama kanzu muda mrefu.

"Hii ni ya nani, mzee?"

"Ya mwanangu Sefu. Alikwenda Bujumbura. Anarudi."

Mgeni hakuonekana kuwa amekula siku hiyo. "Baba," alisema taratibu, "nimerudi."

Munyakazi aliishusha kanzu akamvika kwa mikono yake mwenyewe. Ikamkaa. Mabegani ikamkaa, kifundoni ikaishia panapotakiwa. Mzee akapiga takbira mpaka majirani wakatoka nje.

"Kanzu haimkatai mtu, Baba," Mukantwari alisema. "Futi hiyo hapo shingoni mwako. Mpime miguu. Mguu wa kushoto wa Sefu ulikuwa mfupi, wewe mwenyewe ulikuwa ukimpunguzia suruali upande mmoja. Mpime tu, nami nitamwita kaka."

Mkono wa Munyakazi ulipanda mpaka kwenye futi, ukashika ncha yake, ukashuka.

"Mtoto harudi kwao akapimwa kama mteja," alisema.

Yule mtu akapewa kitanda, kisha akapewa kiti cha cherehani, kwa kuwa kazi ya baba ni ya mwana. Mishono yake ilipinda kama njia ya mbuzi. Mukantwari aliifumua na kuirudia kwa mkono, asubuhi hadi asubuhi, huku wateja wakimpongeza kaka yake.

Mwezi mmoja baadaye mzee na kijana wake, aliyekuwa ndani ya kanzu ile, walikwenda kituo cha mabasi cha Nyabugogo kuchukua mtumba wa kitambaa. Katikati ya kelele za wapagazi, mmoja alitua gunia akapaza sauti: "Weye Nsabimana! Nsabimana! Si ulisema unakwenda Kampala? Leo iko Haji?"

Kijana alisimama. Hakugeuka, wala hakuthubutu kumtazama mzee.

Munyakazi alisikia vizuri sana. Macho ndiyo yaliyokuwa mabovu, si masikio. Alijua kwamba angeuliza swali moja tu, mwanawe angekufa pale pale, kati ya mabasi.

"Shika mzigo, Sefu," alisema. "Twende nyumbani."

Mukantwari alizipata habari kabla hawajafika; Nyabugogo hapana siri. Aliwangoja mlangoni, kanga imefungwa kiunoni.

"Basi nipe cherehani, Baba. Sitaki kingine. Mwana unaye, mimi nipe chuma."

"Cherehani ni ya kaka yako."

Akaondoka na mkasi wake na nguo alizovaa.

Nsabimana alikaa hadi mvua za masika. Kisha asubuhi moja kiti kilikuwa kitupu, cherehani haipo, na kanzu ile ya mwisho haipo.

Munyakazi alipanda kwa miguu mlima wa Gatsata, alikopanga binti yake, akipumzika kila kona. Alimkuta chini ya bati, akishona sare kwa cherehani ya kukodi. Mukantwari hakuacha kukanyaga mpaka mshono ulipofika mwisho. Akakata uzi.

"Nini, Baba?"

"Nataka tusome hitma."

"Ya nani?"

"Ya marehemu Sefu."

Mukantwari alikunja sare ile, akaichukua nyingine. "Nitakuja kupika," alisema. "Lakini sirudi kukaa."

Wakasoma. Baada ya wali Munyakazi alifungua sanduku, akawagawia waliosoma zile kanzu, watoto wa madrasa kwa vijana wa msikitini, wakazivaa hapo hapo. Hakuna iliyomkataa mtu.

Walipotawanyika alisimama mlangoni. Mteremko wote ulijaa Sefu: Sefu wa miaka kumi na mitano akimrushia mwenzake punje ya wali, Sefu wa kumi na minane akiwasha sigara, Sefu aliyeota ndevu. Wote walimpa kisogo.

Mukantwari alitoka na sufuria kubwa kichwani.

"Kaa kidogo," baba yake alisema.

"Sufuria ni ya kukodi. Inatakiwa kabla ya magharibi."

Akashuka katikati yao, na yeye pia hakugeuka.